CT scan, MRI au maji ya uti wa mgongo: kianze kipi kiharusi kinaposhukiwa kuletwa na fangasi?

Mgonjwa ana VVU na dawa aliziacha miezi kadhaa iliyopita. Kichwa kimemuuma wiki tatu mfululizo, dawa za maumivu hazifui dafu. Leo asubuhi kikombe kimemponyoka, na alipotaka kusema jambo mdomo ukaenda upande. Daktari ameandika vipimo vitatu kwenye karatasi moja: CT scan (picha ya ndani ya kichwa kwa mionzi), MRI (picha kwa sumaku) na maji ya uti wa mgongo. Ndugu wamesimama koridoni wanaulizana. Tuanze na kipi? Lazima vyote? Na hicho cha mgongo, si ndicho kinachopooza watu?

Nimewaandikia hao ndugu, pamoja na mhudumu wa afya anayelazimika kuwaeleza huku foleni ikimsubiri. Mwenye kauli ya mwisho ni daktari aliyemshika mgonjwa mkononi, lakini anayejua kila kipimo kinatafuta nini huuliza maswali mazuri zaidi na hupoteza saa chache zaidi.

Fangasi anafikaje kwenye mishipa ya ubongo?

Tuanzie hapa, kwa sababu chaguo la kipimo linategemea fangasi anayeshukiwa, na kila mmoja ana njia yake.

Kriptokokasi ndiye anayewaandama zaidi wenye VVU. Tunamvuta kwa pumzi pamoja na vumbi, hasa lenye kinyesi cha ndege, na kwa wengi hulala mapafuni bila kelele. Kinga ikianguka, hasa CD4, chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zikishuka chini ya 100, huamka na kupanda kwenye utando unaofunika ubongo. Vimishipa vyembamba vinavyopita kwenye utando huo huvimba na kuziba, na maeneo madogo ndani kabisa ya ubongo hukosa damu. Wakati huohuo fangasi na ganda lake la utelezi huziba matundu ambamo maji ya ubongo hupita kutoka, na shinikizo la kichwani hupanda. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kuwa na matatizo mawili, kiharusi na shinikizo, na la pili mara nyingi ndilo linaloua haraka.

Mukori, aliyebatizwa jina la fangasi mweusi, alijulikana duniani mwaka 2021 pale India ilipohesabu wagonjwa zaidi ya 40,000, wengi wao waliokuwa wameugua UVIKO-19, wana kisukari na walipewa steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Huyu huingia puani, hupanda kwenye sinasi, yaani matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, hupenya nyuma ya jicho na kufika kwenye karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni. Akifika huko hupenya ukuta wa mshipa, damu ikaganda ndani, na nusu nzima ya ubongo inaweza kukosa damu.

Aspajilasi naye hupenda mapafu ya mtu aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa mafua makali au UVIKO-19. Husafiri kwa damu hadi kichwani. Anaweza kuziba mshipa, au akaudhoofisha mpaka ukatuna na kupasuka.

Tena virusi vyenyewe vinaweza kuleta kiharusi bila fangasi yeyote. UVIKO-19 hugandisha damu, na VVU huharibu mishipa taratibu. Kifua kikuu cha utando wa ubongo, kaswende na virusi vya mkanda wa jeshi navyo huziba mishipa ileile. Ndiyo maana hakuna daktari makini atakayesema "ni fangasi" kwa kuutazama mdomo uliopinda.

Tunavipima vipimo kwa vigezo gani?

Nimechagua vitano. Kipimo kinajibu swali gani? Majibu yanatoka baada ya muda gani? Kinaweza kukosa nini, yaani kikadanganya wapi? Kina hatari gani kwa mwili wa mgonjwa huyu hasa? Na kinamfaa nani? Bei nimeiacha kwa kuwa hutofautiana sana, ila CT hupatikana sehemu nyingi kuliko MRI, na maji ya mgongo yanaweza kuchukuliwa hata pasipo na mashine yoyote kubwa.

CT scan

*Swali linalojibiwa.* Je, kuna damu iliyovuja kichwani? Je, kuna uvimbe unaosukuma ubongo upande mmoja? Kwa maswali haya mawili CT ni hodari. Damu mbichi huonekana nyeupe pee, na daktari huijua mara tu picha inapofunguka. Ikielekezwa usoni, CT huonyesha pia sinasi zilizojaa na mifupa iliyoliwa, dalili inayotia shaka ya mukori. Ikiongezwa dawa ya kung'arisha mishipa, huchora mishipa mikubwa na kuonyesha ilipoziba au kutuna.

*Muda.* Picha yenyewe huchukua dakika chache, na mgonjwa asiyetulia anaweza kupigwa bila usumbufu mwingi.

*Kinachoweza kukosa.* Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mshipa ulioziba saa mbili zilizopita mara nyingi hauonekani kabisa kwenye CT ya kawaida, na vidonda vidogo vya ndani anavyoacha kriptokokasi hupotea kirahisi. Picha ya mgonjwa mwenye kriptokokasi kichwani mara nyingi hutoka safi. Nimewaona ndugu wakirudi nyumbani wakichekelea na karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo", kisha siku ya nne mgonjwa anarudi hajitambui. Karatasi ile ilimaanisha hakuna damu wala uvimbe mkubwa, basi.

*Hatari.* Mionzi ipo, lakini kwa picha moja ya kichwa ni midogo ukilinganisha na hatari ya kutojua. La kuangalia ni dawa ya kung'arisha: inaweza kuzielemea figo, na amfoterisini B, dawa kuu ya fangasi hawa, nayo huzielemea figo hizohizo. Kipimo cha figo kikitoka kabla, daktari hupanga vizuri.

*Humfaa nani.* Mgonjwa aliyeanguka ghafla, mwenye degedege, anayepoteza fahamu, au mwenye udhaifu wa upande mmoja ambaye bado hajachukuliwa maji ya mgongo.

MRI

*Swali linalojibiwa.* Ni sehemu gani ya ubongo iliyokosa damu, tangu lini, na tatizo limetokea mshipa gani? Picha ya difusheni ya MRI huonyesha eneo lililokosa damu ndani ya dakika chache baada ya mshipa kuziba, jambo ambalo CT ya kawaida haiwezi. Kwa kriptokokasi huonyesha vishimo vilivyojaa ute katikati ya ubongo, vikipangana kama viputo vya sabuni. Kwa mukori kuna alama ambayo ukiiona mara moja huisahau: nyama za ndani ya pua, ambazo baada ya dawa ya kung'arisha zingetakiwa kuwaka nyeupe, zinabaki nyeusi kwa sababu damu haifiki tena. MRI pia huonyesha kama fangasi ameshavuka kwenda nyuma ya jicho au kuikumbatia karotidi, na daktari wa upasuaji anahitaji kulijua hilo kabla hajashika kisu.

*Muda.* Nusu saa hadi dakika 45, mgonjwa akiwa amelala tuli ndani ya bomba lenye kelele za kugonga. Anayehangaika kwa homa atahitaji kutulizwa kwa dawa, na dawa hizo zinaweza kuficha fahamu zinazoshuka.

*Kinachoweza kukosa.* MRI ni picha, na picha haitaji jina. Mkusanyiko wa vimelea vya toksoplazima, uvimbe wa kifua kikuu na jipu la fangasi vinaweza kufanana kama mapacha. Ripoti nzuri ya MRI itasema "inaelekea kuwa", na maneno hayo mawili yasimezwe haraka. Shinikizo la maji ya ubongo pia haliwezi kulipima kwa namba.

*Hatari.* Hakuna mionzi. Lakini mwenye kifaa cha kusukuma moyo, kipande cha chuma jichoni au vibanio vya zamani vya mishipa lazima aseme kabla. Dawa ya kung'arisha ya MRI hutolewa kwa tahadhari kubwa kwa mwenye figo zilizochoka sana.

*Humfaa nani.* Mgonjwa aliyetulia ambaye CT imetoka safi lakini udhaifu upo, na yule aliyeugua UVIKO-19, ana kisukari, na sasa uso umekufa ganzi au jicho limevimba. Kwa huyu wa pili ningeiweka MRI juu sana, mradi kuisubiri kusichelewesha kuangaliwa puani.

Maji ya uti wa mgongo

Hiki kinaogopwa kuliko vyote, na kwa mwenye VVU mara nyingi ndicho chenye thamani kubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

*Swali linalojibiwa.* Adui anaitwa nani, na shinikizo la kichwani ni kiasi gani? Tone la maji likiwekwa kwenye kijikaratasi kinachofanana na kipimo cha mimba, mistari miwili ikitokea baada ya dakika kumi, kriptokokasi amekamatwa. Kipimo hicho cha antijeni, yaani alama ya fangasi mwenyewe, ambacho wengi hukiita CrAg, ni miongoni mwa vipimo vya kuaminika zaidi katika tiba ya fangasi. Maji hayohayo hupimwa kifua kikuu, kaswende na virusi vya mkanda wa jeshi.

Jina lina uzito wake. Flukonazoli humsaidia mwenye kriptokokasi, ilhali kwa mukori ni sawa na kumpa maji. Vorikonazoli ni dawa ya aspajilasi, na mukori hatikisiki kwayo. Steroidi, zinazosaidia utando uliovimba kwa kifua kikuu, zilijaribiwa kwa wenye VVU na kriptokokasi katika nchi za Asia na Afrika. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu zilikuwa zinaumiza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Anayetibu kwa kubahatisha anaweza kuchagua dawa inayoua.

Shinikizo nalo hupimwa papo hapo. Mgonjwa amelala ubavu, magoti kifuani. Sindano ikishaingia, daktari huunganisha bomba jembamba la kioo lililosimama wima, na maji huanza kupanda kimyakimya. Sentimita 15, 20, 25. Kwa kriptokokasi mara nyingine hupita 40 na kutishia kumwagika juu ya bomba. Likizidi 25, daktari hutoa maji taratibu, hadi mililita 20 au 30, mpaka lishuke. Wapo wagonjwa waliolalamika kichwa kwa wiki nzima, wakafumbua macho na kuuliza chakula kabla sindano haijatoka. Kipimo hiki peke yake kati ya vitatu humtibu mgonjwa wakati kinampima, na shinikizo likirudi hurudiwa kila siku.

*Muda.* Kuchukua maji ni kama nusu saa pamoja na maandalizi, na CrAg hutoka siku hiyohiyo. Kuotesha fangasi maabara huchukua siku kadhaa.

*Kinachoweza kukosa.* Mukori. Maji yanaweza kutoka safi kabisa huku fangasi akiwa ameshafika kwenye karotidi, kwa sababu yeye hutembea ndani ya nyama na kuta za mishipa. Aspajilasi naye hujificha mara nyingi. Na maji hayasemi mshipa gani umeziba.

*Hatari.* Hofu ya kupooza hutokana na kudhani sindano inachoma ugwe mgongo, ile kamba nene ya neva. Ugwe huo kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingia chini zaidi, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali zilipobaki nyuzi za neva zinazoelea majini na kuipisha sindano. Kinachowapata wengi ni maumivu ya kichwa ya siku chache. Hatari ya kweli iko kwingine. Kama kuna uvimbe unaosukuma ubongo upande mmoja, kupunguza maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ukakwama. Na kama damu haigandi, kwa chembe sahani chache au dawa za kuzuia kuganda, ambazo wagonjwa wengi wa UVIKO-19 hupewa, damu inaweza kuvujia mgongoni. Kwa sababu hiyo mwenye udhaifu wa upande mmoja au degedege za kujirudia hupigwa picha kwanza. Kuna jambo moja linalosahaulika: jicho lililoshindwa kutazama nje, bila dalili nyingine ya upande mmoja, huwa ni matokeo ya shinikizo lenyewe, na halihesabiwi kuwa kizuizi.

*Humfaa nani.* Mwenye VVU, maumivu ya kichwa ya muda mrefu, homa, shingo ngumu au kuchanganyikiwa, ambaye picha imeonyesha njia ni salama, au ambaye hana dalili za kudai picha kwanza.

Vipimo viwili ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi

Kimoja ni cha damu. CrAg hupimwa hata kwa tone la kidole. Kwa mwenye VVU mwenye dalili hizi, likitoka hasi, kriptokokasi huwa karibu ameondolewa mezani. Likitoka chanya na maji ya mgongo hayawezi kuchukuliwa leo, daktari anao msingi wa kuanza dawa. Ukiwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu pale mapokezi, uliza kama CrAg ya damu imeshafanyika.

Cha pili ni kipande cha nyama. Mukori hathibitishwi kwa picha wala kwa maji. Daktari wa pua na koo huingiza kamera puani, hukata kipande penye weusi, na chini ya hadubini huonekana nyuzi pana kama utepe, zinazotawi kwa pembe mraba. Za aspajilasi ni nyembamba, zina vikuta ndani, na hutawi kwa pembe kali. Wakati mwingine hata kamera haihitajiki: mwambie mgonjwa apanue kinywa, mulika kaakaa kwa tochi ya simu. Doa jeusi pale juu halisubiri foleni ya MRI.

Sasa, kulingana na hali

Udhaifu umeanza ghafla, saa hazijafika 4.5: CT mara moja, hata kama fangasi anashukiwa. Ndani ya muda huo kuna dawa ya kuyeyusha donge, lakini damu ikiwa imevuja haitolewi. Mwambieni daktari waziwazi kuhusu VVU, UVIKO-19 ya karibuni au homa ya wiki kadhaa. Mshipa ulioliwa na fangasi huvuja kirahisi, na habari hiyo inaweza kubadilisha uamuzi wa kuitoa dawa hiyo.

VVU, kichwa cha wiki kadhaa, na sasa mkono umelegea, kama mgonjwa wetu wa mwanzo: CrAg ya damu na CT kwa pamoja, kisha maji ya mgongo siku hiyohiyo picha ikiruhusu. MRI inaweza kungoja. Kriptokokasi akithibitika, Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta), miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Dawa za VVU huanzishwa wiki 4 hadi 6 baada ya tiba ya fangasi kuanza. Ndugu wengi hudhani ni uzembe, na ni vizuri wajue mapema kwamba ni makusudi.

VVU, kichwa na kuchanganyikiwa, lakini viungo vyote vina nguvu na hakuna degedege: maji ya mgongo yanaweza kutangulia. Kungoja CT kwa siku mbili wakati shinikizo linapanda ni hatari kuliko sindano yenyewe.

Alitoka kwenye UVIKO-19, ana kisukari, uso unauma upande mmoja, jicho limevimba au haoni vizuri, na sasa upande mmoja wa mwili umelegea: daktari wa pua na koo leo, CT ya sinasi na kichwa ikiwa ndiyo iliyopo, MRI ikiwezekana bila kuchelewesha upasuaji. Maji ya mgongo yana mchango mdogo hapa. Sukari na steroidi zitazamwe upya saa hiyohiyo.

Yuko mahututi kwa mafua makali au UVIKO-19, amelazwa na mashine ya kupumulia, na fahamu zimeshuka bila sababu: CT kwanza kutafuta damu, pamoja na picha ya kifua, kwa kuwa aspajilasi huwa ameanzia huko. MRI ifuate akiweza kusafirishwa.

Mjamzito: MRI bila dawa ya kung'arisha hupendelewa hali ikiruhusu kungoja, lakini CT ya kichwa haikatazwi maisha yakiwa hatarini, na mionzi inayomfikia mtoto ni midogo mno.

Na palipo na mhudumu, sindano na vijikaratasi vya CrAg tu, bila mashine yoyote: tone la kidole kwanza. Likiwa chanya na mgonjwa ana udhaifu wa upande mmoja, dawa ya fangasi ianze na safari ya kwenda penye CT ianze nayo, karatasi ya majibu ikiwa mkononi mwa ndugu anayemsindikiza.